Anayenusa Hawashi

Muthoni alipoingia kazini kwetu, wiki yake ya kwanza, alinifuata na daftari la asubuhi mkononi. Ni lile lenye safu mbili za sahihi, moja ya aliyenusa na moja ya aliyewasha. "Mathe," akaniambia, "kwani lazima watu wawili? Si mtu mmoja anaingia, ananusa, anawasha, tunaanza kazi?" Siku hiyo uwanja ulikuwa umejaa kahawa na sikuwa na nafasi ya kukaa chini, nikamwambia nitamjibu vizuri siku nyingine. Siku hiyo haikufika hadi nikastaafu. Kwa hiyo Muthoni, na ninyi wenzake mnaobaki na ile mashine, jibu lenu ni hili. Mtanisamehe nikianzia mbali. Nikianzia karibu mtadhani ni kanuni tu ya wazee.

Mimi niliingia kwenye umeme kupitia mavi ya ng'ombe. Kabla ya hapo nilikuwa kibarua hapa kiwandani, huku bondeni chini ya kijiji cha Gakindu, nikichagua kahawa mbivu na kutupa ile iliyoliwa na wadudu. Ushirika ulipojenga mtambo wa gesi, wanaume wote walitaka kazi ya kusimama karibu na jenereta. Hakuna aliyetaka kazi ya kulisha tangi, yaani kukoroga mavi ya ng'ombe na maganda ya kahawa kwa koleo kisha kuyasukuma shimoni. Meneja aliuliza mara mbili nani ataifanya. Mara ya tatu nikainua mkono, kwa sababu nyumbani nilikuwa nikifanya kazi hiyo hiyo kila asubuhi bila mtu kuniuliza. Walinipa gambuti za kiume zilizonizidi miguu, nikazijaza magazeti.

Wageni wakija hapa huonyeshwa jenereta, kwa kuwa inanguruma na ina taa nyekundu na kijani. Mimi huwapeleka kwanza kwenye tangi. Humo ndani, mahali pasipo na hewa, vijidudu visivyoonekana kwa macho vinakula yale maganda na mavi na kutoa gesi. Gesi inapanda, inainua ule mfuniko wa mpira mpaka unavimba. Kutoka hapo inapita kwenye paipu, inaacha maji yake kwenye mtego wa maji, inaingia kwenye chujio la vipande vya chuma chenye kutu ambavyo hushika ile harufu ya mayai viza, kisha inaingia kwenye injini. Ndani ya injini inachanganyika na hewa, plagi inatoa cheche, gesi inalipuka kidogo na kusukuma pistoni. Pistoni inazungusha mhimili, na mhimili unazungusha sumaku katikati ya nyaya za shaba. Umeme unatoka hapo, kwenye shaba, kwenda kuendesha mashine ya kumenya kahawa. Gesi yenyewe haina umeme hata kidogo, kazi yake ni kusukuma. Ni ndugu wa ile gesi inayochimbwa ardhini katika nchi nyingine. Ile imekaa chini miaka isiyohesabika, na yetu imekaa wiki chache tu.

Wakulima hawakuwahi kuliita tangi. Waliliita Ng'ombe, na mpaka leo mnasikia mtu akipita na gunia mgongoni anauliza, "Ng'ombe ameshiba?" Si mzaha mtupu. Ukimlisha maganda mengi mabichi kwa pupa msimu ukipamba moto, anachachuka tumboni na gesi inakosa nguvu. Mwezi wa saba, ukungu ukikaa siku nzima, anapoa na kugoma, ndiyo maana tunapitisha maji ya moto ya injini kuzunguka tumbo lake. Mtu aliyefuga hujifunza kazi hii haraka kuliko aliyesoma, ingawa aliyesoma naye hufika, akivumilia harufu.

Fundi wa jenereta alikuwa mzee Saidi, mtu wa Majengo, pale Nyeri mjini. Alikuja kwetu akiwa mtu mzima, baada ya kutunza injini za dizeli kwenye kiwanda kimoja cha chai upande wa Kangari. Alipanga chumba Gakindu, na Jumamosi alirudi kwa familia yake. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye kofia safi kila siku, na sijui aliisafishia wapi maana sisi wengine tulikuwa weusi kwa oili. Siku ya kwanza alinitazama nikiwa nimebeba koleo, akaniuliza kama najua kusoma. Nikasema najua. Akaniuliza kama najua kunyamaza. Nikanyamaza. Akasema, "Haya, njoo nikufunze."

Kifaa chake kikubwa kilikuwa fimbo ya mti wa mkahawa, iliyonyooka na kulainishwa kwa kipande cha chupa. Aliweka ncha moja kwenye injini na nyingine sikioni, akafumba macho. Kisha alikuwa akisema, "Silinda ya pili ina mafua," na ukifungua plagi ya silinda ya pili unaikuta nyeusi tii. Nilidhani ni uganga. Alinipa fimbo akanisimamisha hapo kila siku, na baada ya majuma kadhaa nikaanza kusikia tofauti mwenyewe. Alikuwa mkali kwa jambo moja tu, ukigusa kabla ya kusikiliza. Alinipiga kofi mkononi mara moja kwa kosa hilo, na nilistahili.

Kazi ya kwanza ya asubuhi ilikuwa kunusa. Chumba cha jenereta kilikuwa cha mabati, na madirisha yalifungwa kila jioni kwa kufuli, kwa sababu wezi wa nyaya za shaba walikuwa wameshatutembelea mara mbili. Kwa hiyo kama paipu ilivuja usiku, gesi ilikuwa humo humo ikingoja cheche. Kilikuwepo kidude cha kupiga kelele gesi ikivuja, lakini kilipiga kelele pia kwa ukungu, kwa moshi wa jikoni na kwa sababu zake binafsi, mpaka mtu akakitoa betri. Ikabaki pua. Saidi alinifunza kwamba huingii kama mtu anayeingia kanisani. Unafungua mlango, unasimama, unachuchumaa na kunusa usawa wa magoti, kisha unainuka na kunusa juu. Unanusa kabla ya chai, kabla ya sabuni, na siku ya kazi hujipaki mafuta ya kunukia. Alinifunza pia jambo ambalo wengi husahau. Chujio likiwa jipya na linafanya kazi vizuri, linaondoa harufu karibu yote, na hapo ndipo unatakiwa unuse kwa makini zaidi, kwa kuwa gesi safi inalipuka vile vile.

Pua yake ilikuwa ya ajabu. Akiwa langoni aliweza kusema jikoni wamepika githeri na vitunguu vimeungua. Mama Wachira, aliyekuwa kwenye kamati ya ushirika na kutupikia pia wakati wa msimu, alikuwa akimwambia asipite karibu na sufuria zake akamaliza utamu wote.

Lakini kila wiki Saidi ndiye alifungua chujio. Aliinama juu yake uso mtupu, akichota vile vyuma vyenye kutu na kuvimwaga nje vipate hewa. Tulimpa barakoa, akaivaa shingoni. Ile harufu ya mayai viza ina ubaya wake, kwani ikizidi, pua inaacha kuisikia. Unadhani imeisha kumbe wewe ndiye umeisha. Hatukujua kwamba mtu akiirudia miaka na miaka pua inaweza kuchoka moja kwa moja. Labda yeye alijua.

Niligundua kwa sababu ya chai. Kila Jumatatu alikuja na chupa yake ya chai kutoka Majengo, yenye iliki nyingi, na kifuniko chake ndicho kilikuwa kikombe. Jumatatu moja asubuhi kifuniko kilianguka kwenye karai la dizeli tulilooshea plagi. Alikuwa ameligeuzia karai mgongo na hakuona. Mimi nilikiokota, nikakifuta kwa kitambaa, nikakiweka mezani nikikusudia kukiosha, kisha nikaitwa kwenye tangi. Niliporudi alikuwa ameshamimina. Harufu ya dizeli niliisikia nikiwa mlangoni. Saidi alikunywa, akamimina tena, akanywa. Akasema, "Leo mama Zainabu ameikoleza iliki."

Nilikaa chini kwenye ndoo. Huyu ndiye mtu aliyenipa kazi ya mikono yangu, na kila asubuhi alikuwa akiingia kwenye chumba kile, anachuchumaa, anainuka, anatoka na kusema, "Shwari," na sisi sote tunaamini.

Sikumwambia meneja. Naandika hivi nikijua kwamba nilikosea, na ninyi msifanye kama mimi. Niliogopa kwamba angefukuzwa. Zainabu, binti yake, alikuwa bado shuleni, na zaidi ya hayo sikuweza kuivumilia picha ya mzee yule akipanda mteremko na fimbo yake ya mkahawa kama mtu aliyeiba. Basi nikajipangia mambo yangu. Nikawa nafika kabla yake. Nilifungua mlango kwa ufunguo wa akiba, nikachuchumaa, nikanusa, nikainuka, nikanusa. Kukiwa shwari niliuegemeza mlango kwa tofali ubaki wazi. Kukiwa na harufu nilipanga kuuacha umefungwa na kumngoja nje. Yeye alifika, akaona tofali, akaingia, akachuchumaa na kuinuka kama kawaida, akawasha.

Hatukuwahi kulitaja lile tofali. Ila Jumatatu moja alirudi kutoka Majengo na mahamri yaliyofungwa kwenye gazeti, akaniwekea juu ya koleo langu na kwenda zake. Ikawa hivyo kila Jumatatu. Nilielewa kwamba anajua, na kwamba anajua kuwa najua. Tuliishi hivyo msimu mzima na nusu ya mwingine, na nakiri nilijiona mwerevu.

Asubuhi moja katikati ya msimu ng'ombe wangu alishikwa na uchungu, na ndama alikuwa ametanguliza mguu mmoja. Kama kuna mfugaji kati yenu, atanielewa. Nilikuwa zizini nimelala kwenye matope, mkono umezama hadi kiwikoni, na simu yangu ikilia mezani ndani ya nyumba. Nilikumbuka lile tofali mara nyingi asubuhi ile. Lakini nikimwacha ng'ombe nimewapoteza wawili, na nilijiambia kwamba Saidi atangoja kidogo.

Yaliyotokea kiwandani nilisimuliwa na Mama Wachira. Wakulima walikuwa wamepanga foleni hadi barabarani. Kahawa mbivu haingoji. Isipomenywa siku ile ile inaanza kuchacha ndani ya gunia, na kazi ya mwaka mzima inashuka daraja. Saidi alifika, akakuta mlango umefungwa na tofali liko pembeni. Akasimama. Saa ikapita, ya pili ikaanza. Meneja akaja mbio.

"Mzee, shida ni gani? Watu wako na kahawa hapa tangu saa kumi na mbili."

"Tungoje Wanjiku," Saidi akasema.

"Wanjiku ni wa kulisha tangi. Wewe ndiyo fundi. Washa hii kitu."

"Nasema tungoje."

Watu wakaanza kunung'unika. Mzee mmoja alisema ati mtu wa mjini amelewa usingizi. Meneja akanyoosha mkono. "Basi nipe funguo, nitawasha mwenyewe. Si ni kubonyeza tu?"

Mama Wachira aliniambia hapo Saidi alikunja ngumi juu ya ufunguo, akavua kofia yake, jambo ambalo hatukuwa tumewahi kuliona, akaipangusa, akaivaa tena. Kisha akageukia foleni yote, si meneja, akasema kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba:

"Sikilizeni. Pua yangu imekufa. Imekufa siku nyingi. Sisikii harufu ya gesi wala ya chai wala ya mtoto wangu. Huyu Wanjiku ndiye amekuwa akininusia. Sitawasha, na ufunguo sitoi. Namngoja Wanjiku."

Mama Wachira anasema hata wale waliokuwa wakilalamika walitazama chini kwenye magunia yao.

Mimi nilifika nikikimbia, nguo zimegandiwa na damu na matope, na mtu wa kwanza niliyemwona ni Saidi amesimama mbele ya mlango ameukinga kwa mgongo. Aliniuliza kwanza, "Amezaa?" Nikamwambia amezaa, mtamba, wote wazima. Akasema, "Alhamdulillahi. Sasa ninusie." Nikasogea mlangoni, nikagundua kwamba siwezi. Nilikuwa nanuka zizi zima. Nikarudi bombani mbele ya watu wote, nikanawa mikono, uso na shingo kwa maji na majivu, bila sabuni kwa kuwa sabuni nayo ina harufu yake. Mama Wachira alinivua sweta yangu akanifunga leso yake iliyokuwa safi. Yule mzee wa foleni ndiye alinimiminia maji.

Nikafungua mlango. Nikachuchumaa. Hakuna kitu. Nikainuka, na hapo juu, usawa wa paji la uso, kulikuwa na harufu nyembamba sana, ya yai lililopasuka nyumba ya jirani. Chujio lilikuwa jipya wiki ile. Nilirudi nyuma kwa miguu ile ile, nikasema, "Iko."

Tulifunga koki ya nje, tukavunja kufuli za madirisha kwa nyundo, tukawarudisha watu hadi barabarani na kungoja upepo ufanye kazi yake. Baadaye tulikuta paipu ya mpira kati ya chujio na injini imepasuka pale penye klipu, ufa wa urefu wa ukucha. Chumba kilikuwa kimejaa gesi chini ya mabati. Ile mota ya kuwashia injini hutoa cheche kila ukibonyeza. Meneja alikaa juu ya gunia la mtu, na kwa muda mrefu aliitazama mikono yake. Kahawa ilimenywa alasiri ile, na haikuharibika.

Kamati iliitwa Jumatatu. Saidi alikuja na nguo zake zimeshafungwa kwenye mkoba, na mimi nilikuja nikiwa nimejiandaa kufukuzwa pamoja naye, maana nilikuwa nimeficha. Mwenyekiti alisema maneno mengi kuhusu usalama, na yote yalikuwa ya kweli. Kisha Mama Wachira akaomba nafasi.

"Mimi nauliza," akasema. "Masikio yake iko namna gani?"

Mwenyekiti akasema masikio hayana shida.

"Basi ile mashine iko na shida ya harufu na iko na shida ya sauti. Huyu abaki na sauti. Wanjiku achukue harufu. Na iandikwe kwa kitabu, ndiyo kesho mtu asiwe peke yake na hiyo mlango tena."

Ikaandikwa. Anayenusa hawashi, na anayewasha hanusi, na kila mmoja anatia sahihi yake. Madirisha yakatolewa, yakawekwa wavu wa chuma usiofungwa. Nami nikaonywa kwa barua, ambayo ninayo bado. Saidi alibaki nasi miaka mingine mingi na fimbo yake, na alipostaafu aliniachia. Ni ile mnayoiona ukutani, na naomba msiitumie kufukuzia mbwa.

Sasa mna vidude vipya vinavyolia hata kwenye simu, na ni vizuri, vitumieni. Lakini vina betri, na betri inatolewa na mtu aliyechoshwa na kelele.

Nimezoea kumtembelea Saidi Majengo kila nipitapo mjini. Mkewe alishafariki, na Zainabu ndiye anayemtunza sasa. Chai ikiletwa, Saidi hukishika kikombe kwa mikono miwili na kuniuliza, "Inanukiaje leo?" Nami humweleza, kama iliki ni nyingi, kama maziwa yamekaribia kuungua, kama kuna moshi. Hufumba macho akisikiliza, vile alivyokuwa akiisikiliza injini. Ninampenda mzee yule, na sijui kwa nini sikuwahi kumwambia.

Mwaka jana, baada ya ile homa iliyonilaza wiki mbili, nilikwenda. Akaniuliza, "Inanukiaje leo?" Nikasema, "Iliki. Imekolea."

Zainabu alikuwa akipanga vikombe. Akacheka kidogo. "Shangazi, iliki iliisha jana. Leo nimeweka mdalasini."

Nikainua kikombe tena, nikavuta pumzi mpaka mwisho. Hakuna kitu. Saidi hakucheka. Alitafuta mkono wangu mezani akaushika, akauliza tangu lini. Nikasema nilidhani ni mafua tu, yatapita. Akauliza ni nani ananusa pale kiwandani. Nikasema ni mimi. Tulikunywa ile chai yote, na hakuna kati yetu wawili aliyeisikia harufu yake.

Asubuhi iliyofuata, Muthoni, ndiyo ile uliyonikuta nimesimama mbele ya mlango na foleni imefika barabarani. Nilikuwa nimeshawatangazia watu wote kwamba pua yangu imekufa na namngoja Muthoni. Ulikuja ukinukia losheni, au ndivyo walivyoniambia, nikakurudisha bombani unawe kwa majivu. Ukaingia, ukachuchumaa, ukainuka, ukatoka na kuliweka tofali. Nikachukua daftari, na kwa mara ya kwanza nikatia sahihi kwenye safu ya pili, ile ya aliyewasha.